Mkondo Usiosikilizwa

Karatasi ya kazi ilikuwa na mistari kumi na tisa, na ni mmoja tu uliokatwa kwa kalamu. Araksi Tertsakian aliielekeza dirishani akausoma mstari huo kwa mara ya tatu. Kwenye nafasi ya muundo wa sauti mtu alikuwa amechapa jina moja, kisha mkono wa Gordon Vasko ukalikata na kuandika jingine juu yake. Pembeni kulikuwa na herufi za mwanzo za jina lake na tarehe. Ilikuwa wiki saba kabla hajaokotwa chini ya ngazi za nje za jengo lile lile, shingo imevunjika.

"Hii ndiyo kazi yake ya mwisho?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo," alisema Clifford Stroud.

Stroud alikuwa mwenye Tamarack, kampuni inayochukua filamu zikishatoka kwenye kumbi na kuziweka kwenye diski za blu-rei. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, barabara ya Magnolia, hapo Burbank. Alikuwa mtu mpana mwenye fulana ya gofu, na tangu Araksi aingie hakuwa amekaa.

Vasko alikufa Alhamisi jioni, na sasa ilikuwa Jumatatu saa nne asubuhi. Ofisi ya polisi ilikuwa karibu iandike ajali, maana ngazi zenyewe ni za chuma na viatu vya marehemu vilikuwa na soli za ngozi. Kilichomfanya Araksi asiweke sahihi ni mkoba. Kila aliyefanya kazi na Vasko alisema hakwenda hata chooni bila mkoba wake wa turubai, na mkoba huo haukuonekana ngazini, kwenye gari lake, mezani kwake wala nyumbani.

"Sasa nieleze huu mstari uliokatwa."

Stroud alipumua kwa pua. "Afande, nikwambie ukweli? Gordon alinunuliwa. Sipendi kumsema marehemu, lakini huo ndio ukweli. Tumetoa filamu zaidi ya mia tatu hapa. Sauti karibu zote tumeziweka kwa muundo mmoja, na studio zote zinaujua. Huyu bwana anakaa kimya, anaingiza ule wa washindani wao. Bila kuniuliza."

"Wewe ulijua lini?"

"Ijumaa asubuhi. Mwenye filamu alinipigia, ananiuliza imekuwaje."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimamisha. Diski elfu arobaini ziko ghalani kule Ontario, zilikuwa ziingie madukani wiki ijayo. Nimesema zisagwe zote, tunatengeneza upya."

Araksi aliandika. Hakuinua macho. "Mtu wako amekufa Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi unaamuru kazi yake ya mwisho isagwe."

Stroud alikaa. "Najua inavyosikika," alisema, sauti imeshuka.

"Ulikuwa wapi Alhamisi saa kumi na mbili?"

"Kwenye mechi ya binti yangu. Waulize wazazi wote wa pale."

"Tutawauliza. Kazi hii kabla ya kwenda kiwandani, nani aliipitisha?"

"Norri. Noreen Halvorsen, mkuu wa ukaguzi. Bila sahihi yake hakuna diski inayotoka humu ndani." Alinyanyua simu. "Norri, kuna afande hapa, nakuletea."

Kwenye korido simu ya Araksi ilitetemeka. Alikuwa Wendell Pruitt, mwenzake wa miaka sita, mtu wa Bakersfield aliyesema taratibu kama anayelipia kila neno.

"Ile habari ya rushwa niliyoisikia kwa mwenye filamu haina kichwa wala miguu, afande wangu," alisema Wendell. "Nimezungumza na hao wenye muundo ule mwingine. Vasko wanamjua kwa simu moja tu, mwezi wa saba. Hakuomba kitu. Aliuliza swali moja, akashukuru, akakata."

"Swali gani?"

"Subiri, nimeandika, maana sikulielewa. Aliuliza kama mtu akiwa na ampilifaya ya zamani nyumbani, mkondo wa pili unamfikia kama ulivyotengenezwa, au deki inauchezea kwanza. Wakamwambia unamfikia kama ulivyo." Wendell alikohoa. "Wewe umeelewa?"

"Bado."

"Afadhali tuko wawili."

Chumba cha ukaguzi hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na kiti kimoja kikubwa katikati, na spika saba zimekizunguka kwenye stendi zake, moja mbele kabisa, nyingine pembeni na nyuma. Noreen Halvorsen alikuwa na umri wa miaka hamsini na ushee, nywele za kijivu zimekatwa fupi kama za mwanajeshi, na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala sawasawa.

"Kaa kwenye hicho," alisema. "Mimi nimekizoea mpaka kimenichosha."

"Umefanya kazi hii muda mrefu?"

"Miaka miwili tu. Kabla ya hapo nilikuwa nje, nanasa sauti kwenye seti. Miaka ishirini na kitu, mvua yetu, jua letu." Alitabasamu kidogo. "Magoti yakanikataa."

Araksi alikaa, akamwonyesha ile karatasi ya kazi. "Dada, mimi nyumbani nina televisheni na rimoti iliyofungwa kwa selotepu. Nifundishe kama mtoto wa chekechea. Kwa nini studio zinapenda huu uliokatwa kuliko huu ulioandikwa juu?"

"Unataka maelezo mafupi au marefu?"

"Yatakayoniwezesha kumbishia bosi wako."

Noreen alicheka, na kicheko hicho kikamshtua mwenyewe. Akavuta stuli.

"Kwanza ondoa suala la ubora. Watu mitandaoni wanatukanana kwa ajili ya hiyo miundo miwili, lakini yote miwili inakurudishia sauti ile ile iliyotoka studio, bila kupungua hata punje. Ukimfunga mtu macho umkalishe hapo ulipo, hatakwambia ipi ni ipi."

"Kwa hiyo tofauti iko wapi?"

"Kwenye kazi yetu. Sheria ya diski hizi inasema deki hailazimiki kujua sauti kamili. Inalazimika kujua ile ya kawaida, iliyobanwa. Sasa kuna watu chungu nzima wana vyombo vya miaka ya tisini, na diski ni lazima iwatolee sauti na wao. Umenipata?"

"Nakufuata."

"Huu uliokatwa, hapa tunauita Kiini. Ndani yake mna sauti ya kawaida, kama kokwa ndani ya tunda. Chombo cha zamani kinachukua kokwa peke yake. Chombo kipya kinachukua kokwa pamoja na nyongeza iliyolizunguka, kinajumlisha, kinapata sauti kamili. Faili ni moja. Naitengeneza mara moja, naisikiliza mara moja, nakwenda nyumbani. Studio zina tarehe za kutoa filamu, dada, na tarehe haisogei. Vifaa vyake navyo ni rahisi, havisumbui. Basi. Hakuna siri nyingine."

"Na huu mwingine?"

"Tunauita Pacha. Sauti kamili inasimama peke yake, haina kokwa. Kwa hiyo ni lazima uiwekee mkondo wa pili pembeni, wa kawaida, kwa ajili ya vyombo vya zamani. Vitu viwili. Vinatembea pamoja kwenye diski, mtazamaji haoni kitu, lakini sisi tunatengeneza viwili na kukagua viwili. Halafu una kausumbufu kake kengine, unapima watu wanavyoongea kwenye filamu na kushusha sauti ilingane. Waongozaji wanausikia uko chini kidogo, wanadhani umeharibu kazi yao, wanapiga simu. Nani anataka simu hizo?"

"Kwenye Kiini mtu anaweza kubadilisha kokwa? Akaweka kitu kingine?"

"Hapana. Vyote vinatoka kwenye sauti moja. Ukigusa kokwa, ile jumla haitimii, chombo kipya kitakupigia makelele tu. Nitajua ndani ya sekunde moja."

"Kwenye Pacha?"

"Kwenye Pacha ule mkondo wa pili ni faili la peke yake. Unaweza kuupeleka..." Noreen aliitazama tena ile karatasi.

Araksi alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Unaweza kuupeleka ukiwa umeutengeneza mahali pengine," alimalizia Noreen.

"Na hapa ulikaguaje?"

"Kwa hizi spika. Kwa vyombo vipya."

"Kwa hiyo ulisikia sauti kamili."

"Ndiyo."

"Na ule wa pili, nani aliusikiliza?"

Mkono wa Noreen uliokuwa unachezea kofia ya kalamu ulisimama. Rangi ilimtoka usoni, ikaanzia midomoni. Araksi alikuwa amehoji watu miaka ishirini na tatu, na mshtuko wa kuigiza alikuwa anaujua. Huu haukuwa huo.

"Hakuna," alisema Noreen. "Nilipima urefu wake na mwanzo wake. Katikati sikusikiliza. Hakuna mtu anayeusikiliza ule."

"Ulimuuliza kwa nini amebadilisha muundo?"

"Alisema mwongozaji ndiye aliyetaka. Nikaona basi, ni shauri lao." Alisimama, akashika mgongo wa stuli. "Samahani, afande. Nina kazi inaningoja."

Ilikuwa saa saba kasorobo Araksi aliporudi kwenye gari. Kiti kilikuwa kinaunguza. Alifungua vioo vyote, akatoa jalada, akala nusu ya lahmajun, mkate mwembamba wa nyama, aliyofungiwa na dada yake tangu asubuhi huku akisoma maelezo ambayo Wendell aliyachukua Jumamosi. Mke wa zamani, hana jipya. Jirani, hana jipya. Baba mzazi, Emil Vasko, umri miaka themanini na moja, anaishi Reseda, fundi mstaafu wa ndege. Wendell alikuwa ameandika hivi: "Mzee anasema kijana wake alimletea filamu ambayo ndani yake mwanamke analalamikia kamba. Anairudia habari hiyo. Nimeazima diski yake, nimeitazama filamu yote ofisini na kumrudishia, hakuna mwanamke anayelalamikia kamba. Mzee amechanganywa na msiba."

Araksi aliacha kutafuna. Ofisini kwao kulikuwa na deki mpya na spika mpya, zawadi ya wastaafu.

Alimpigia Wendell. "Nikute Reseda, kwa mzee Vasko. Sasa hivi."

"Kwa yule wa kamba? Afande, yule mzee alinipa supu mara mbili kwa sababu alisahau kuwa amenipa."

"Basi utakula ya tatu."

Nyumba ya Emil Vasko ilikuwa ndogo, ya rangi ya krimu, na nyasi za mbele zilikuwa zimekatwa kwa mikasi ukingoni. Mzee aliwafungulia akiwa amevaa suti. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani, na vyombo vya kusikia viwili masikioni.

"Nimevaa mapema," alisema. "Mazishi ni Jumatano, lakini nilitaka kuona kama suruali inanitosha."

"Inakutosha, mzee wangu," alisema Araksi. "Imekukaa vizuri. Huyu mwenzangu ulishamwona. Tunaomba kuiona ile filamu, na tuitazame kwa vyombo vyako, jinsi ulivyoitazama wewe."

Mzee alimtazama Wendell. "Huyu alidhani nina wazimu."

"Nilidhani umechoka, mzee," alisema Wendell, ameinamisha kichwa.

"Ni neno lile lile kwa heshima."

Sebuleni, chini ya televisheni, palikuwa na deki nyembamba inayong'aa, na chini yake ampilifaya nene kama sanduku, mbao pembeni, vitufe vimefutika maandishi. Araksi alipiga magoti akapapasa nyuma. Waya mmoja tu ulitoka kwenye deki kwenda kwenye ampilifaya, mwembamba, mweusi, wenye taa nyekundu nchani alipouchomoa.

"Deki alikuletea yeye?"

"Mwezi wa nane. Nikamwambia niletee na ampilifaya mpya basi, tumalize. Akasema hapana, Baba, hii yako ya zamani ndiyo ninayoitaka. Akaunga huo waya mwenyewe. Akaniambia, 'Itazame ukiwa peke yako, halafu niambie umesikia nini.'"

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia kuna mwanamke analalamikia kamba, na wanamkatalia. Akakaa pale ulipo wewe, akafunika uso. Nikamuuliza, Gordon, ni filamu tu, unalia nini?" Mzee alitoa vyombo vya masikio, akavipuliza, akavirudisha. "Akafuta machozi. Alisema kitu hiki ukikipeleka kwa mtu mmoja kinapotea, lakini kikiwa kwenye nyumba elfu arobaini hakuna anayeweza kukizima. Alisema kikishatoka ndipo atakwenda polisi."

Waliiweka. Ilikuwa filamu ya waokoaji wa milimani, na kwa saa nzima haikuwa na ajabu. Wendell alikuwa ameshaanza kutazama saa. Ikafika mahali ambapo shujaa wa kike anasimama ukingoni mwa daraja la magogo, mto unachemka chini, na kwenye picha haongei. Anatazama tu. Filamu ile kwenye vyombo vipya ilikuwa na muziki hapo, Wendell alikumbuka, vinanda vingi.

Kwa mzee Vasko muziki ulikatika. Ukaja upepo, upepo wa kweli unaopiga kipaza sauti, na nyuma yake mto.

"Teague," alisema mwanamke. "Njoo uone hii kamba. Hapa kwenye kiungo. Imeliwa."

"Imekaguliwa asubuhi," alijibu mwanaume, kwa mbali.

"Na nani? Weka kidole. Unaona? Mimi na hii siruki."

"Dessa, jua linaondoka. Kubadilisha kamba ni saa nzima. Unaruka, au nimpigie Jolene aje aruke?"

Upepo. Kisha yule mwanaume tena, safari hii karibu. "Norri, hiyo inanasa?"

"Inanasa."

"Zima."

Kukawa na mkwaruzo mdogo kama wa kitambaa. Halafu sauti ya mwanamke mwingine, imegusa kipaza kabisa, imetulia, kila neno limenyooka. "Nimezima."

Haikuwa imezimwa. Upepo uliendelea. Mwanamke wa kwanza alipumua mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mtu akahesabu mpaka tatu. Hapo mkondo ukanyamaza, ukawa kimya mtupu kwa kitambo, na vinanda vikarudi kana kwamba hakukuwa na kitu.

Araksi alichukua rimoti, akaisimamisha filamu. Sauti ile iliyosema "nimezima" alikuwa amekaa nayo chumba kimoja asubuhi ile, ikimfundisha habari ya kokwa na tunda.

Wendell alikuwa amesimama katikati ya sebule bila kujua kwamba amesimama. "Dessa Lockridge," alisema. "Mungu wangu. Huyu alikuwa wa kwetu, Bakersfield. Aliruka badala ya nyota wa filamu hii, Teague huyo akisimamia, kamba ikakatika. Miaka miwili sasa. Baraza la uchunguzi lilisema alijifunga vibaya mwenyewe na hakumlalamikia mtu. Mama yake alikwenda mahakamani akashindwa, kwa sababu..." Alimgeukia Araksi. "Kwa sababu mnasa sauti aliapa kuwa mashine ilikuwa imezimwa."

"Basi mwanamke huyu alikuwa mtu kweli?" aliuliza mzee Vasko. "Si mwigizaji?"

Araksi aliinamisha kichwa kukubali. Mzee alitazama mmoja, akamtazama mwingine, akaketi polepole, suti ikajikunja magotini.

"Mimi niliitazama mara nne," alisema. "Nilikuwa nakula."

Araksi alimwekea mkono begani, akauacha hapo mpaka alipoona anapumua vizuri. Kisha akaitoa ile diski kwa leso na kuitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Walipofika mlangoni alimwambia Wendell, "Mtafute huyo Teague, popote alipo, umlete. Mimi narudi Magnolia."

"Peke yako?"

"Yule hatakimbia."

Saa kumi kamili alikuwa kwenye korido ya Tamarack na askari wawili wa doria. Aliwaacha nje ya mlango wa ukaguzi, akaingia.

Noreen Halvorsen hakuwa kwenye kiti kikubwa. Alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, mbele yake ampilifaya chakavu aliyoitoa stoo, vumbi lingali juu yake. Masikioni alikuwa na hedifoni. Alipomwona Araksi alizivua, akazilaza mapajani, na kutoka kwenye vile vikombe viwili ukasikika upepo mdogo sana.

"Una haki ya kunyamaza," alianza Araksi, na kumsomea yote mpaka mwisho, pole pole. "Umeelewa?"

"Nimeelewa. Ila nimenyamaza vya kutosha."

"Wakili je?"

"Baadaye." Alizima mashine. "Teague aliniambia, nikisema nilinasa, swali la kwanza nitakaloulizwa ni hili: ulimsikia akikataa, wewe ulifanya nini? Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Nilikuwa nimeshika kipaza mita tatu kutoka alipo, nikaendelea kunasa kama mtu anayenasa ndege. Basi nikaapa kuwa ilikuwa imezimwa. Faili lenyewe sikuweza kulifuta. Nililiita 'upepo', nikalichanganya na sauti nyingine za mazingira. Nani atafungua upepo?"

"Gordon alifungua."

"Maboksi ya filamu yalikuja hapa mwezi wa sita. Gordon alikuwa mtu wa kufungua kila kitu. Wiki saba hakuniambia neno. Alhamisi akanikuta ngazini natoka, akasema, 'Norri, nimekusikia ukisema umezima.' Aliongea kwa upole tu. Akasema, 'Ninayo hapa, na nimeshaipeleka mahali ambapo huwezi kuitoa.' Akapiga mkoba. Mimi nikasikia ile 'ninayo hapa' tu, hayo mengine hayakuniingia. Nikaushika mkanda wa mkoba. Yeye akavuta, nami nikavuta." Alitazama viganja vyake. "Nikabaki na mkoba."

"Uko wapi?"

"Chini ya gari langu, pale penye gurudumu la akiba. Diski ya kompyuta iliyokuwamo niliivunja kwa nyundo. Nikajua imekwisha. Siku tatu nilijua imekwisha, mpaka ulipoketi hapo ukaniuliza nani aliusikiliza ule wa pili." Alitikisa kichwa. "Nilikuwa nakueleza mwenyewe. Kila neno nililokueleza ndilo alilotumia, nami nasema bila kusikia ninachosema."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Clifford Stroud aliwapita askari, karatasi mkononi, jasho limemlowesha fulana.

"Norri, hiki ni nini? Ghala wananiambia wamepakia. Wamepakia diski zote, malori mawili, wana sahihi yako ya saa saba na nusu." Akamwona Araksi, akaona askari, akamwona mkuu wake wa ukaguzi alivyokaa sakafuni. "Kuna nini hapa?"

Araksi alimgeukia Noreen. Saa saba na nusu ilikuwa chini ya saa moja tangu waachane. "Ulizitoa wewe? Ukiwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeisikiliza mara mbili." Noreen aliongea kwa sauti ile ile iliyotulia, iliyonyooka. "Agizo la kusaga lilikuwa mezani kwangu. Lilihitaji sahihi yangu tu, na kila kitu kingesagwa. Nikachukua karatasi ile nyingine, ya kuruhusu diski zitoke. Miaka miwili nimekuwa mtu pekee anayemsikia Dessa, afande. Imenitosha."

Stroud alikuwa bado hajaelewa, lakini woga ulikuwa umemfikia kabla ya maelezo. "Afande, piga simu. Wewe ni polisi, sema malori yarudi. Sema ni ushahidi."

"Ushahidi ni diski moja, Bwana Stroud, na ninayo kwenye gari. Malori ni yako. Ukitaka kuyarudisha, andika agizo, weka jina lako na saa, na uniletee nakala. Lakini kwanza vaa hizo hedifoni usikilize unachokirudisha."

Alimsaidia Noreen kusimama, maana magoti yalimkatalia kweli, akamfunga pingu kwa mbele. Askari walimpeleka. Nyuma yake Stroud alikuwa ameinama mbele ya ile ampilifaya ya zamani, anatafuta kitufe cha kuwashia, na hakukipata mpaka fundi mmoja alipokuja kumwonyesha.

Chini, kivulini mwa jengo, Araksi aliketi kwenye gari mlango ukiwa wazi. Wendell alikuwa amemtumia ujumbe: Teague yuko Santa Clarita, amepatikana nyumbani, anataka wakili. Chini yake aliongeza namba ya simu na maneno mawili, "Mama Dessa."

Malori yalikuwa na saa mbili na nusu barabarani. Wiki ijayo mtu yeyote mwenye chombo cha zamani sebuleni angeweza kusikia. Araksi alifunga mlango ili kelele za barabara zisiingie, akabonyeza namba, na simu kule Bakersfield ikapokelewa mara ya kwanza tu ilipoita.

"Mama Lockridge," alisema, "jina langu ni Araksi Tertsakian, polisi wa Burbank. Naomba ukae kwanza. Kuna mtu karibu yako?"

"Nipo peke yangu," ilijibu sauti. "Ni habari ya Dessa?"

"Ndiyo, mama. Alikataa kuruka. Aliwaambia kuhusu ile kamba, na tunayo sauti yake."

Araksi alisikia kiti kikiburutwa, kisha redio ya jikoni ikizimwa.

"Niwekee," alisema yule mama. "Nataka kumsikia."